Kibao Kinachobaki na Kibao Kinachokwisha

Mwalimu wa Kiswahili aliyepangiwa shule ya Lobule, katika wilaya ya Koboko, hana haja ya kuelezwa uhaba wa vitabu ni kitu gani. Wilaya yenyewe ilikatwa kutoka Arua mwaka 2005. Upande wa magharibi imepakana na Kongo, na upande wa kaskazini na Sudani Kusini; na tangu mwaka 2013 yamekuwapo Lobule makazi ya wakimbizi waliovuka mpaka wa Kongo. Darasani huketi pamoja watoto wa Kikakwa wa Koboko na wenzao wa ng'ambo, wengine wakiwa na Kibangala, wengine na Kiswahili cha Kongo ambacho kwacho "watu" ni "batu". Kiswahili katika nchi hii si mgeni, kwani askari na wachuuzi walikwisha kukizoea zamani. Kilitangazwa lugha ya taifa la Uganda mwaka 1973, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Matangazo yamekuja mara mbili, lakini vitabu havikuja kwa mwendo huo.

Ndipo tulipofikiri juu ya kibao na wino. Picha moja iliyochongwa vizuri yaweza kupigwa chapa mara mia, kila mtoto akapata yake, wala hapahitajiwi mtambo wala umeme. Twakiri kwamba tulianza tukidhani tumevumbua jambo. Kumbe tulikuwa tunarudia, bila kujua, jambo la kwanza kabisa lililofanywa katika upigaji chapa wa Uganda. Na kosa tulilolifanya huko mwanzoni tungaliweza kuliepuka kama tungaliijua historia hiyo.

Yafaa tuanze na Alexander Mackay, fundi mitambo wa Kiskoti aliyefika Buganda mwezi Novemba 1878 akiwa mmisionari. Waalimu wa Kiswahili wana haki maalumu ya kumkumbuka mtu huyu, kwa kuwa lugha aliyoanza kuitumia katika baraza la Kabaka Mutesa ilikuwa Kiswahili. Mutesa alikuwa akikielewa kutokana na wafanyabiashara wa Pwani, na Mackay alimsomea Maandiko katika tafsiri ya Askofu Edward Steere wa Unguja, ambako misheni ilikuwa na kiwanda cha chapa na vijana waliokombolewa kutoka utumwani wakifundishwa kazi hiyo. Basi wanafunzi walipozidi na karatasi za kusomea zikawa hazipo, Mackay alichukua mti akachonga herufi za mbao kwa mkono wake, akazipaka wino, akapiga chapa karatasi za kujifunzia kusoma. Hakuwa msanii wala hakujidai usanii. Alikuwa mwalimu aliyepungukiwa na vifaa, na kwetu sisi hapo ndipo penye uzito wa habari yake.

Hatusemi kwamba kuchonga mti na kuupaka rangi kuliletwa Afrika ya Mashariki na wamisionari. Nakshi za milango ya Unguja na Lamu zatosha kumnyamazisha mwenye kudhani hivyo; na mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na mafundi wa Unguja waliotia maua na mabaka katika nguo za kike kwa kugonga vibao vya mbao vilivyochongwa, kabla kanga za viwandani hazijajaza maduka. Huko Uchina nako mbao zilikuwa zikipiga chapa vitabu vizima tangu zamani: chuo cha Kibudha kiitwacho Sutra ya Almasi kina tarehe ya mwaka 868.

Lino ni kijana mbele ya wazee hao. Frederick Walton wa Uingereza aliipatia hataza mwaka 1863, naye aliikusudia itandikwe sakafuni. Ni mafuta ya kitani yaliyoachwa yakagandamana, yakachanganywa na unga wa gamba la mti litengenezwalo vizibo, kisha yakashindiliwa juu ya kitambaa kigumu mfano wa gunia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Franz Cizek wa Vienna aliwapa watoto walichonge, na baadaye Claude Flight akalifundisha London. Wasanii wakubwa walilidharau kwa muda mrefu kuwa ni kitu cha shule. Dharau hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo sifa yake kubwa.

Tofauti ya mbao na lino huijua mkono kabla ya kichwa. Mbao ina nyuzi. Patasi ikifuata nyuzi huteleza kama mtumbwi ufuatao mkondo, na ikizikata hukwama, ikaparura, ikang'oa kipande usichokitaka. Mchongaji mzuri hujifunza kuzitumia nyuzi zenyewe, hata akaacha mistari yake ionekane katika anga la picha au juu ya maji. Lino halina nyuzi. Mkono huenda kokote upendako, na mduara huchongeka sawa na mstari. Likiwa gumu, huanikwa juani kwa dakika chache likalainika, na jua la Lobule halina uhaba. Ila tahadhari moja: zulia la plastiki linalouzwa madukani kwa jina la lino si lino hata kidogo. Tulilinunua Arua kwa furaha, na patasi ikateleza juu yake hadi ikamfikia mwenzetu kidole cha shahada. Tangu siku hiyo kanuni ya kwanza darasani ni kwamba mkono ulioshika kibao hukaa nyuma ya chuma, kamwe hauwi mbele yake.

Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa barazani mwa nyumba yake huko Kampala, na darasa hilo likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hadi leo ina jina lake. Humo walipita Gregory Maloba wa Kenya, na Sam Ntiro na Elimo Njau wa Tanganyika. Cecil Todd alimrithi mwaka 1958. Nairobi nako, katika kituo cha Chemchemi kilichoanzishwa na Ezekiel Mphahlele mwaka 1963, Hezbon Owiti alijipatia jina kwa picha zake za lino. Miaka ya 1970 biashara ilipovunjika Uganda na rangi za kigeni zikaadimika, msanii aliyejua kuutumia mti wa nchini hakukosa la kufanya.

Kutoka Makerere alitokea Fred Mutebi, ambaye picha zake za mbao zimefika nchi nyingi. Njia yake ni ya kupunguza. Kibao ni kimoja tu, na rangi ni nyingi. Kwanza hupigwa rangi nyepesi kuliko zote, tuseme manjano, katika karatasi zote zilizokusudiwa. Kisha mchongaji huondoa kibaoni kila mahali panapotakiwa pabaki manjano, akapaka nyekundu, akazirudia karatasi zile zile moja baada ya moja, kila moja ikikaa juu ya alama zake bila kusogea hata unywele. Huchonga tena, akapaka kijani au buluu. Na hivyo hivyo mpaka nyeusi, ambayo hukuta kibao kimebakiwa na mistari michache kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Kila rangi husubiri iliyotangulia ikauke, na wakati wa mvua hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Picasso naye aliifuata njia hii katika lino mwishoni mwa miaka ya 1950. Wengine huiita chapa ya kujiua, maana mchongaji hawezi kurudi nyuma: idadi ya nakala huamuliwa siku ya kwanza, na kazi inapokamilika kibao kimekwisha.

Sasa kosa letu. Tukiwa tumevutiwa na uzuri wa rangi, tuliichagua njia hiyo hiyo kwa picha yetu ya kwanza, soko lenye miembe na wanawake wauzao mihogo. Tulikuwa waalimu watatu. Mmoja alisukuma rola ya wino, mwingine, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza usafi wa mikono tu, aliweka karatasi, na wa tatu alisugua mgongo wa karatasi kwa mgongo wa kijiko mpaka wino ukashika. Chumba kilinuka mafuta ya taa, na nakala zilianikwa kambani kwa vibanio vya nguo. Zilitoka nakala arobaini, nzuri kweli. Watoto walizishika kwa ncha za vidole. Muhula uliofuata waliingia watoto wapya, wengi wao wamevuka mpaka karibuni, na nakala zile zilikwisha kuchakaa au zilikwenda nyumbani mikononi mwa wenyewe. Tulikitoa kibao kabatini. Kilikuwa na mistari ya nyeusi tu, isiyosomeka. Watoto wale walijifunza neno "soko" kutoka ubaoni, kwa chaki.

Hatumlaumu msanii mwenye kukila kibao chake; uchache wa nakala ni sehemu ya thamani ya kazi yake, nalo jambo hilo humpatia riziki. Shule ina haja nyingine. Kibao cha shule chapasa kupiga nakala leo na mwaka ujao, kwa rangi moja nyeusi ikibidi, nacho kibaki kama zilivyobaki herufi za Mackay baada ya kila karatasi.

Kwa hiyo tulirudi kwenye herufi. Hapa mwalimu wa lugha hukutana na jambo linalomhusu yeye hasa, kwani chapa hugeuza kulia kuwa kushoto. Mwanafunzi wetu mmoja alichonga "baba" kama linavyoandikwa, akapiga chapa, akapata kitu kisomekacho "adad". Darasa lilicheka, lakini kwa mara ya kwanza kila mtoto alitazama kwa makini tumbo la b liko upande gani na la d upande gani. Tangu hapo huandika neno kwanza kwenye karatasi nyembamba, wakaigeuza juu ya kibao, wakafuata mistari ionekanayo kwa nyuma.

Picha siku hizi twazichonga bila maneno, na maneno katika vipande vidogo vya mvule, viambishi vikiwa peke yake. Chini ya picha ya mti ulioanguka huwekwa m na ti, kisha u na meanguka. Picha ikibadilishwa ikawa ya miti miwili, mtoto mwenyewe hutoa m akatia mi, hutoa u akatia i, kabla hajapaka wino. Na asipofanya hivyo wenzake humwona karatasini. Vipande vyote hukaa katika kopo la maziwa ya unga. Herufi a, ambayo Kiswahili huitumia kuliko zote, imeanza kulika pembeni, nasi hatujachonga nyingine.