Kulea Nyaraka za Kiini: Historia ya Usasishaji wa Nyaraka za Mfumo Endeshi na Funzo Lake kwa Sera ya Kiswahili Nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna nyaraka za kiini cha Linux zilivyotunzwa na kusasishwa, na kuilinganisha historia hiyo na ile ya kuswahilisha programu za kompyuta Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba pengo la Kiswahili katika nyaraka za mifumo endeshi halitokani hasa na uhaba wa istilahi, bali na kukosekana kwa utaratibu wa kudumu wa kutunza tafsiri baada ya kuzinduliwa.

1. Utangulizi

Kyambogo, jijini Kampala, ndiko kiliko Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, kilichoundwa mwaka 1973. Mwaka huohuo serikali ya Idi Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Takribani nusu karne baadaye, historia hizo mbili zimekutana. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika 2020, umekifanya Kiswahili somo la lazima katika madarasa mawili ya mwanzo, huku TEHAMA ikiwa somo la hiari. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji wa azimio la kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Swali linalofuata ni la kiutendaji: mwanafunzi huyo akitaka kuielewa kompyuta kwa Kiswahili, nani atahakikisha kwamba anachokisoma bado ni kweli?

2. Nyaraka zinazosafiri na msimbo

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, vifaa na muda wa kichakataji kwa programu zote. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa katika toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10. Nyaraka zake huhifadhiwa pamoja na msimbo, katika hazina moja. Kwa hiyo, anayebadilisha utendaji unaoonekana na programu nyingine anatarajiwa kurekebisha na waraka wake. Utaratibu huo haukuzuia uchakavu. Nyaraka zilirundikana kwa miaka mingi katika miundo tofauti, hadi mwaka 2016 zilipoanza kuhamishiwa kwenye mfumo mmoja wa uchapishaji, Sphinx.

Uzito wa uchakavu huo unaonekana katika mfano mmoja. Kiini kilikuwa na kufuli kuu lililotumika kuvizuia vichakataji viwili kutekeleza sehemu nyeti kwa wakati mmoja. Kufuli hilo liliondolewa mwaka 2011, katika toleo la 2.6.39. Tafsiri iliyofanywa 2009 kisha ikaachwa ingeendelea kumfundisha msomaji kuliita kufuli lisilokuwepo tena. Sarufi yake ingekuwa safi na istilahi zake sanifu, na mhariri wa lugha asingeona kosa lolote. Programu ya msomaji ndiyo ingekataa kujengeka.

Watafsiri wa kiini waliitambua hatari hiyo. Tafsiri za Kichina na Kijapani zilizoingia mwaka 2007 zilikuwa na walezi wake, na zile za Kichina zilimwelekeza msomaji kuwasiliana na mlezi endapo tafsiri imepitwa na wakati. Kiitaliano, kilichoingia 2018, kinatanguliza tamko kwamba waraka wa Kiingereza ndio wenye mamlaka. Mwaka 2024 iliongezwa zana inayolinganisha historia ya waraka wa asili na ya tafsiri yake, kisha kuorodhesha mabadiliko ambayo hayajatafsiriwa. Miongoni mwa lugha za tafsiri hizo, Kiswahili hakimo.

3. Kuswahilisha bila kulea

Kutokuwemo huko hakukutokana na kukosa juhudi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nayo, katika miaka hiyo, ilitoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows XP. Wanaistilahi wakati huo walikuwa wakijadili ngamizi, tarakilishi na kompyuta. Mjadala huo ulikuwa na manufaa, ila ulishughulikia kuzaliwa kwa maneno kuliko maisha ya matini. Programu mama ya OpenOffice iligawanyika 2010 ilipozaliwa LibreOffice, na tafsiri iliyofungamana na toleo moja haikuweza kuyafuata mabadiliko yenyewe. Msaada wa Windows XP ulikoma 2014, lakini matoleo yaliyofuata yalipata vifurushi vyao vya Kiswahili kwa kuwa kampuni ilikuwa na watu wanaolipwa kuendeleza kazi hiyo. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Kampala yenyewe iliwahi kuwa makao ya ulezi wa aina hiyo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilikaa Makerere kuanzia 1952 hadi 1962. Ilikuwa chombo cha kudumu kilichopitia miswada na kuchapisha jarida lake mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana kazi yake haikuisha kwa kuchapishwa kwa kamusi ya 1939.

4. Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba wahandisi wa Uganda husoma Kiingereza, hivyo tafsiri hazihitajiki. Dai hilo lina ukweli kwa mhandisi aliyekwisha kuhitimu. Kwa mwanafunzi aliye njiani, lugha ya waraka ni sehemu ya mlango wenyewe. Hata hivyo, tafsiri iliyochakaa humdhuru kuliko kutokuwepo kwa tafsiri, kwa sababu hana njia ya kuugundua uchakavu wake.

Mapendekezo ya sera ni matatu. Kwanza, kila waraka wa Kiswahili utaje toleo la waraka wa asili uliotafsiriwa na tarehe ya kukaguliwa. Pili, kila waraka uwe na mlezi wa lugha na mlezi wa kiufundi. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kinachofundisha Kiswahili na kompyuta, kinaweza kuwapata wote wawili. Tatu, bajeti ya tafsiri itenge fungu la kila mwaka la usasishaji, na idadi ya nyaraka ipangwe kulingana na fungu hilo. Nyaraka tano za msingi zinazokaguliwa katika kila toleo zinatosha kuanzia.