Si lazima kuua mbu wote: Hesabu iliyobadili vita dhidi ya malaria

Je, malaria haiwezi kuisha mpaka mbu wote wafe? Hesabu inasema hapana. Na hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini chandarua chako chenye dawa kinamsaidia hata jirani.

Modeli ya hisabati ni nini?

Ni kuchukua jambo la kibiolojia, kama ugonjwa unavyosambaa, na kuliweka kwenye namba: mbu ni wangapi kwa kila mtu, wanauma mara ngapi, wanaishi siku ngapi, mgonjwa anapona baada ya muda gani. Ukibadilisha namba moja, unaona matokeo yanayotarajiwa kabla hujatumia hata shilingi.

Nani alianza kuitumia kwa malaria?

Ni Ronald Ross, daktari wa Uingereza ambaye mwaka 1897, akiwa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Lakini wapo waliombishia: mbu hawamaliziki, sasa kupambana nao kuna faida gani? Ross akajibu kwa hesabu, kwenye ripoti yake ya 1908 kuhusu Mauritius na kitabu chake cha 1911. Mbu wakipungua chini ya kiwango fulani, kila mgonjwa anaambukiza chini ya mtu mmoja kwa wastani. Hapo ugonjwa unafifia wenyewe, hata kama mbu bado wapo.

Siri ni umri wa mbu

Miaka ya 1950, George Macdonald wa London aliiboresha hesabu hiyo. Mbu akimuuma mgonjwa leo, hawezi kuambukiza kesho. Vimelea vinahitaji kama siku 10 au zaidi kukomaa mwilini mwake, na mbu wengi hufa kabla ya hapo.

Chukua mbu 100:

- Kila siku wakisalimika asilimia 90, baada ya siku 10 wanabaki kama 35.
- Wakisalimika asilimia 80, wanabaki kama 11 tu.

Yaani ukipunguza kidogo nafasi ya mbu kuiona kesho, wale hatari wanapungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Ndiyo maana dawa ya kupuliza ukutani na chandarua chenye dawa vinalenga mbu mkubwa. Mbu aliyefia kwenye chandarua chako hafiki kwa jirani.

Hesabu inaweza kukosea?

Ndiyo, hali ikibadilika. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mpango wa kutokomeza malaria, likitegemea sana DDT. Mwaka 1969 lilibadili mkakati huo, na usugu wa mbu kwa dawa ulikuwa moja ya sababu.

Mbu sugu, au anayeuma nje kabla watu hawajalala, anabadilisha namba zote. Ndiyo maana watafiti hawaachi kukamata mbu na kupima upya. Na chandarua kilichokunjwa kabatini hakipunguzi namba yoyote.