Maradhi ya Unyevu katika Kuta za Kacyiru

Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Pamoja na Wajerumani walifika Waislamu kutoka Pwani na nchi za jirani, baadhi yao askari, baadhi wafanya biashara. Na mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fatah huko Nyamirambo.

Huko Pwani, kama Lamu na Unguja, nyumba kubwa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa, ijapokuwa hunywa maji, huyaachia tena jua litokapo. Nyumba za udongo nazo zilihifadhiwa kwa upenu mpana na kwa baraza, ambayo ni kikao cha wageni na tena ni ngao ya mguu wa ukuta.

Katika mitelemko ya Kacyiru mvua hunyesha misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, nazo nyumba nyingi za watu wa kawaida ni za matofali mabichi, yaani rukarakara. Saruji ilipoenea, khasa baada ya kiwanda cha Bugarama kuanza kazi katika miaka ya 1980, wengi walizivika kuta hizo lipu ya saruji wakidhani wamezihifadhi. Kumbe maji yaingiayo kwa chini au kwa nyufa hukosa njia ya kutokea, na udongo hulainika nyuma ya lipu ionekanayo nzima.

Tabibu hatoi dawa kabla ya kuyajua maradhi. Unyevu upandao kutoka ardhini huacha mstari chini ya ukuta, aghalabu usiozidi mita moja, pamoja na unga mweupe wa chumvi. Unyevu wa mvua huonekana kwa mabaka, na huzidi kila inyeshapo. Unyevu wa pumzi na mapishi huzaa kuvu nyeusi pembeni na nyuma ya vitanda, katika vyumba visivyofunguliwa. Ikiwa pana shaka, na kibandikwe kipande cha nailoni ukutani kwa siku mbili: matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani, yakiwa nyuma, ni maji ya ukuta wenyewe.

Dawa ya mvuke ni kufungua madirisha. Dawa ya mvua ni upenu na mifereji ya bati. Dawa ya maji ya ardhini ni kuchimba mfereji upande wa juu wa nyumba, kubandua saruji iliyo chini ya ukuta, kuuacha ukauke kiangazi cha Juni hadi Agosti, kisha kuukandika kwa udongo na chokaa. Ajengaye upya na aweke msingi wa mawe, na juu yake tabaka la lami au nailoni. Rangi hufunika, wala haiponyi.

Jambo hili si dogo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na miongoni mwao wamo waliofikwa na mauti wakiwa wamelala majumbani mwao.

Na mtelemkoni, maji anayoyafukuza mtu wa juu humfikia wa chini. Kwa hiyo mfereji usiofikishwa bondeni huhamisha maradhi tu, kutoka ukuta wa mmoja hadi ukuta wa jirani yake. Na haki ya jirani ni nzito.