Leseni ya Pombe Ilivyouchonga Usiku wa Mashoga wa New York

Katika baa ya Sea Colony, mtaa wa Greenwich Village, mwanamke aliyetaka kwenda msalani alipanga foleni kwanza. Mbele ya foleni alisimama mtu wa baa, akiwaruhusu mmoja mmoja na kumpimia kila mmoja karatasi yake ya chooni. Joan Nestle, mwandishi aliyekuwa mteja wa baa hiyo ujanani mwake, ameisimulia foleni ile kwa kirefu: utani uliopigwa, macho yaliyokutana, na fedheha ya mtu mzima kupimiwa karatasi kama mtoto. Si kwamba wenye baa walikuwa mabahili. Waliogopa kuwa wanawake wawili wakiingia chooni pamoja, askari kanzu wangepata kisa cha kuifunga baa.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920, ikairuhusu tena 1933, na baada ya hapo jimbo la New York likaunda Mamlaka ya Vileo yenye uwezo wa kutoa leseni na kuipokonya. Mwenye baa alitakiwa asiruhusu fujo kwenye eneo lake. Machoni pa maofisa, mashoga wachache wakiketi kaunta na kuzungumza, hiyo ilikuwa fujo tosha. Masimulizi mengi ya usiku wa jiji hilo huanza na mavazi na nyimbo. Mimi naona afadhali kuanza na leseni, maana ndiyo iliyoamua nani amiliki baa, madirisha yapakwe rangi gani na, mwishowe, hata muziki gani upigwe.

Ajabu ni kwamba wakati wa marufuku watu walijinafasi zaidi. Pombe yenyewe ilikuwa haramu, basi ndani ya kilabu cha kificho shoga na asiye shoga walikuwa wahalifu sawasawa. Harlem, mtaa wa Weusi, chama cha Hamilton Lodge kiliandaa kila mwaka dansi iliyovuta maelfu ya watu kwenye ukumbi wa Rockland Palace, wengi wakija kuwatazama wanaume waliovaa magauni wakishindana kwa urembo. Mshairi Langston Hughes aliikumbuka dansi hiyo katika tawasifu yake, The Big Sea, ya 1940. Humo pia amemkumbuka Gladys Bentley, mwanamke mwenye mwili mkubwa aliyepiga piano usiku kucha karibu bila kupumzika. Bentley alivaa suti nyeupe na kofia ndefu ya kiume, akachukua nyimbo zilizopendwa redioni na kuzitia maneno ya aibu, na matajiri wazungu wakapanda magari kutoka katikati ya jiji kwenda kumsikiliza.

Pombe ilipohalalishwa, wenye biashara safi waliwakwepa mashoga. Nani aweke mtaji wake kwenye baa inayoweza kufungwa wiki ijayo? Pengo hilo lilizibwa na Mafia. Wao hawakuwa na jina jema la kupoteza, na walijua kumpa askari kitu kidogo kila mwezi. Wateja waliuziwa bia iliyozimuliwa kwa bei ya juu, na hawakuwa na pa kushtaki.

Mwaka 1966 wanachama wachache wa Mattachine Society, chama cha kutetea haki za mashoga, wakiongozwa na Dick Leitsch, waliamua kuupima msimamo wa mamlaka hadharani. Tarehe 21 Aprili walivaa suti na tai, wakaita waandishi wa habari, wakaanza kuzunguka baa moja hadi nyingine. Mpango ulikuwa wa kutangaza kwamba wao ni mashoga, watulivu, na wangependa kuhudumiwa. Baa ya kwanza ilipata fununu ikafunga milango. Zilizofuata ziliwamiminia pombe bila swali, jambo lililoharibu mpango, kwani walichokuwa wakitafuta ni kukataliwa. Hatimaye wakaingia Julius', baa ambayo kila mtu mtaani alijua kuwa imejaa mashoga, lakini iliyokuwa imetoka kuvamiwa na polisi. Mhudumu alikwisha kuweka glasi. Alipowasikia wakijitaja, akaifunika kwa kiganja. Fred McDarrah wa gazeti la Village Voice akapiga picha, na picha hiyo ikafanya kazi kuliko hotuba yoyote. Mamlaka ya Vileo ilipobanwa ilidai haijawahi kuwa na sheria ya kuwanyima mashoga kinywaji. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo jirani la New Jersey iliamua kuwa mashoga kukusanyika tu si sababu ya baa kupokonywa leseni.

Ndiyo maana Stonewall Inn hainishangazi kama inavyowashangaza wengi. Watu wa Mafia waliifungua 1967 katika Barabara ya Christopher, bila leseni kabisa, wakijifanya ni klabu ya wanachama wanaokuja na chupa zao. Mteja alichunguliwa kwenye tundu la mlango, kisha akaandika jina kwenye daftari, na majina mengi yalikuwa ya uongo. Nyuma ya kaunta hapakuwa na maji ya bomba, na glasi zilisuuzwa kwenye beseni na kurudishwa mezani. Madirisha yalipakwa rangi nyeusi. Pamoja na uchafu wote huo watu walijaa, kwa sababu palikuwa mahali adimu ambapo wanaume wangeweza kucheza dansi pamoja. Taa nyeupe ikiwashwa ghafla, kila mmoja alijua polisi wamefika na kumwachia mwenzake.

Kwa kawaida polisi walikuja mapema jioni, wakiwa wamekwisha kumtonya mwenye baa. Usiku wa kuamkia Jumamosi, 28 Juni 1969, walikuja saa saba na dakika ishirini, bila kumtonya yeyote, wakiongozwa na Seymour Pine. Wateja waliotolewa nje hawakwenda nyumbani. Umati ukakua, sarafu na chupa zikarushwa, na polisi wakalazimika kujifungia ndani ya baa waliyokuja kuifunga. Ghasia ziliendelea kwa siku kadhaa, na mwaka mmoja baadaye maandamano ya kwanza ya kuadhimisha tukio hilo yakaanzia mtaa huohuo. Baa yenyewe haikumaliza mwaka. Wenyewe waliifunga miezi michache tu baada ya tukio.

Hapo ndipo masimulizi mengi hukoma, na hapo ndipo kwangu utamu unapoanza. Siku ya Valentino ya 1970, karibu miezi minane baada ya ghasia hizo, David Mancuso aliwaalika marafiki nyumbani kwake, orofa pana iliyokuwa ghala, namba 647 Broadway. Aliweka maputo, matunda, karanga, juisi, na spika za hali ya juu. Hakuuza pombe. Walioingia walikuwa na mwaliko, wakachangia kidogo mlangoni, wakacheza mpaka asubuhi: Weusi, Wapuertoriko, wazungu, mashoga na wasio mashoga. Bila pombe, Mamlaka ya Vileo haikuwa na la kumfanya, na Mafia hawakuwa na cha kumuuzia. Jiji lilimfungulia kesi likidai anahitaji leseni ya klabu. Mwaka 1975 ikaamuliwa kuwa hahitaji, kwa sababu hauzi chakula wala kinywaji kwa umma.

Mahali pasipo pombe, muziki ndio unaobeba kazi yote. Mancuso, kama wenzake waliomfuata, alitafuta santuri kwa bidii ya mchimba dhahabu. Kwenye duka moja la Wajamaika huko Brooklyn alikutana na wimbo wa Manu Dibango wa Kamerun, Soul Makossa. Dibango alikuwa ameutia upande wa pili wa santuri ya 1972. Upande wa kwanza ulikuwa wimbo rasmi wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa kwao. Kamerun iliishia nafasi ya tatu, na wimbo wa kandanda ukasahauliwa. Ule wa upande wa pili ukatoka nyumbani kwa Mancuso, ukadakwa na mtangazaji Frankie Crocker wa redio ya WBLS, na 1973 ukafika nafasi ya 35 katika chati ya Marekani. Kabla ya makampuni makubwa kuugundua, watu waliocheza dansi kwa juisi ya matunda walikwisha kuujua.

Vijana wawili waliolelewa na karamu za aina hiyo, Frankie Knuckles na Larry Levan, waliupeleka mtindo huo mbali. Knuckles alihamia Chicago 1977, na klabu alikokuwa DJ, The Warehouse, ndiyo iliyoupa jina muziki wa house. Levan alibaki New York, akatawala Paradise Garage, iliyokuwa gereji ya magari namba 84 King Street. Huko nako pombe haikuuzwa. Uliingia kwa kadi ya uanachama na kutoka jua limechomoza.

Kisha ukaja Ukimwi. Mwezi Aprili 1982, ugonjwa ukiwa bado hauna hata jina hilo, Paradise Garage iliandaa moja ya hafla za mwanzo kabisa za kuchangisha fedha kwa ajili ya shirika la Gay Men's Health Crisis. Klabu ilifungwa Septemba 1987, na mwenyewe, Michael Brody, akafariki kwa ugonjwa huo kabla mwaka haujaisha. Ukiongea na yeyote aliyecheza pale, atakuorodheshea marehemu kabla ya nyimbo.

Stonewall ilitangazwa eneo la kumbukumbu ya taifa 2016, na miaka mitatu baadaye mkuu wa polisi wa jiji akaomba radhi. Julius' imehifadhiwa kisheria tangu 2022, na bia bado inauzwa. Jengo la King Street limebomolewa. Mancuso alifariki 2016, lakini karamu zake hazikufa naye: marafiki zake wanaendelea kuziandaa, na mpaka leo huwezi kuingia bila mwaliko.