Lugha na Bunduki katika Kisiwa cha Sri Lanka

Kisiwa cha Sri Lanka, ambacho kabla ya tarehe 22 Mei, 1972, kiliitwa Ceylon, na ambacho mabaharia wa Kiarabu wa zamani walikijua kwa jina la Sarandibu, kiko karibu na ncha ya kusini ya Bara Hindi. Kiasi cha watu 7 katika kila 10 wa kisiwa hicho ni Wasinhala, nao walio wengi hufuata dini ya Budha. Watamili, ambao wengi wao ni Wahindu, wamekaa tangu kale upande wa kaskazini na mashariki. Wengine, walioletwa na Waingereza kutoka Bara Hindi katika karne ya 19 kulima kahawa na baadaye chai, hukaa milimani. Watu wa tatu ni Waislamu, ambao wengi wao ni wazao wa wafanya biashara wa Bahari ya Hindi. Hawa kwa kawaida husema Kitamili nyumbani, na zamani wanavyuoni wao walikiandika kwa herufi za Kiarabu, wakaziongezea alama kwa ajili ya sauti ambazo Kiarabu hakina, kama washairi wa Lamu na Pate walivyofanya kwa Kiswahili. Jambo hili la lugha moja yenye watu wa dini mbili yafaa likumbukwe tangu mwanzo, kwa kuwa vita vilivyozaliwa na ugomvi wa lugha havikuwahurumia watu wa lugha hiyo hiyo.

Ceylon ilipata uhuru tarehe 4 Februari, 1948, bila vita. Lugha ya serikali ilikuwa Kiingereza, nacho kilijulikana na watu wachache tu. Kijana wa Kisinhala wa shamba, aliyesoma kwa lugha ya mama yake, alikuta mlango wa ofisi umefungwa, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Tena aliona kwamba Watamili wa Jaffna, ambao wamishonari wa Kimarekani waliwajengea shule tangu mwanzo wa karne ya 19, walikuwa wamepata kazi za ukarani na uganga kupita kadiri ya hesabu yao. S. W. R. D. Bandaranaike, mtu wa ukoo mkubwa aliyesoma Oxford, aliahidi katika uchaguzi wa mwaka 1956 kwamba akishinda atakifanya Kisinhala peke yake kuwa lugha ya serikali. Alishinda, na sheria ikapitishwa mwaka huo huo. Kukiondoa Kiingereza halikuwa kosa; kosa lilikuwa katika lile neno "peke yake". Colvin R. de Silva, mwenyewe Msinhala na mfuasi wa siasa ya Trotsky, aliwaonya wabunge kwamba kwa lugha moja wangepata mataifa mawili. Hakusikilizwa.

Bandaranaike mwenyewe alijaribu kupunguza ukali wa jambo alilolianzisha. Katika mwezi wa Julai, 1957, alipatana na S. J. V. Chelvanayakam, kiongozi wa Watamili, kwamba Kitamili kitumike katika kazi za serikali huko kaskazini na mashariki, na wenyeji wa huko wapewe mabaraza yao. Watawa wa Budha na wapinzani wake wa siasa walipiga kelele, na mwezi wa Aprili, 1958, mapatano yakavunjwa. Mwezi uliofuata ghasia zilitokea na watu wengi, hasa Watamili, waliuawa. Mwezi wa Septemba, 1959, Bandaranaike alipigwa risasi nyumbani kwake na mtawa wa Budha, akafa kesho yake. Mapatano mengine ya namna ile ile yalifanywa katika mwaka 1965 na waziri mkuu mwingine, nayo pia hayakutimizwa. Chelvanayakam, mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliendelea kuwafundisha wafuasi wake upinzani wa amani kama wa Gandhi. Lakini kila karatasi iliyochanwa ilimpunguzia heshima mbele ya vijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikaongeza chumvi kwenye kidonda: mwanafunzi aliyefanya mtihani kwa Kitamili alitakiwa kupata alama nyingi kuliko mwenziwe wa Kisinhala ili aingie Chuo Kikuu kusomea uganga au uhandisi.

Haifai kudhani kwamba ukali ulikuwa wa Watamili peke yao. Mwezi wa Aprili, 1971, vijana wa Kisinhala wa chama cha JVP, wengi wao wenye elimu na wasio na kazi, walishambulia vituo vya polisi katika sehemu nyingi za nchi. Walishindwa, na maelfu waliuawa. Chama hicho kilishika silaha tena kati ya miaka 1987 na 1989. Kikaua waliokataa kutii amri zake, na serikali ikajibu kwa kuwapoteza vijana wasiohesabika. Maiti zilionekana mitoni na kando ya barabara. Hapo waliouana walikuwa Wasinhala kwa Wasinhala.

Upande wa Watamili, mauaji yaliyomtia Velupillai Prabhakaran katika habari yalikuwa ya Mtamili mwenzake. Alfred Duraiappah, Meya wa Jaffna, alipigwa risasi penye hekalu moja tarehe 27 Julai, 1975, kwa kuhesabiwa msaliti kwa sababu alishirikiana na chama kilichotawala. Mwaka uliofuata kundi la Prabhakaran lilijiita Chui wa Ukombozi wa Tamil Eelam, na viongozi wa Watamili waliokuwa Bungeni nao wakatamka rasmi kwamba wataka dola yao. Kisha yakaja mambo mawili yaliyowapatia Chui askari wengi kuliko hotuba yoyote. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni, 1981, maktaba ya Jaffna ilichomwa moto, na vitabu na hati kiasi cha 97,000 vikateketea, pamoja na maandiko ya kale ya makuti. Polisi waliokuwa mjini ndio walioshtakiwa na wenyeji kwa tendo hilo. Na mwezi wa Julai, 1983, baada ya Chui kuwaua askari 13 kwa kuwavizia, magenge ya Wasinhala yaliingia katika nyumba na maduka ya Watamili wa Colombo, mengine yakiwa na orodha za majina mikononi. Serikali ilitaja wafu mia kadha. Wengine huwahesabu mpaka 3,000. Hata wafungwa 53 wa Kitamili waliuawa ndani ya gereza la Welikada.

Tangu hapo vita vikawa vita. Lakini Chui hawakukubali kwamba Mtamili mwingine aweza kushika bunduki, wala kusema, kwa niaba ya Watamili. Mwaka 1986 waliliangamiza kundi la TELO, wenzao wa jana, na kumwua kiongozi wake. Mwaka 1989 walimwua Amirthalingam, mrithi wa Chelvanayakam, katika nyumba iliyowakaribisha wauaji kama wageni. Mwaka 1999 mtu aliyejifunga mabomu alimwua Neelan Tiruchelvam, mwanasheria aliyekuwa akitengeneza katiba ya kugawana madaraka. Jambo la ajabu ni kwamba Kitamili kilikuwa kimekwisha kutangazwa kuwa lugha ya serikali katika mwaka 1987, kwa mapatano na Bara Hindi. Dai la mwaka 1956 lilikubaliwa, angalau katika karatasi, lakini wenye bunduki hawakuwa tena na haja nalo.

Waislamu ndio waliojaribiwa kwa namna ya pekee. Kwa lugha walikuwa Watamili; kwa nafsi zao walijihesabu kuwa watu wengine, na viongozi wao wengi hawakutaka nchi igawanywe. Tarehe 3 Agosti, 1990, saa ya sala ya isha, watu wenye silaha waliingia katika misikiti miwili ya mji wa Kattankudy, pwani ya mashariki, wakawapiga risasi waliokuwa wakisali. Zaidi ya watu 100 walikufa, na watoto wakiwamo. Chui walikana, lakini lawama imebaki juu yao. Miezi miwili baadaye hawakuweza kukana tena. Katika wiki za mwisho za Oktoba waliwafukuza Waislamu wote wa kaskazini, wapatao 75,000. Tarehe 30 Oktoba, katika mji wa Jaffna, vipaza sauti viliwaita watu wa kila nyumba ya Kiislamu wakusanyike katika uwanja wa Chuo cha Osmania. Waliambiwa waondoke kwa muda wa saa mbili. Njiani walikaguliwa, wakanyang'anywa vito vya dhahabu na fedha ila kidogo tu ya safari. Aliyewaamuru na aliyeamriwa walisemezana kwa Kitamili, na hapakuhitajiwa mkalimani. Wengi wao walifika Puttalam, upande wa magharibi, wakajenga vibanda vya makuti, wakidhani watakaa siku chache.

Vita viliendelea kwa miaka mingine 19. Vilikwisha mwezi wa Mei, 2009, katika kipande kidogo cha pwani karibu na Mullaitivu, ambapo Chui waliwazuia raia wasikimbie na kuwapiga risasi waliojaribu, na jeshi la serikali likapiga mizinga mahali palipotangazwa na serikali yenyewe kuwa pa usalama. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika mwaka 2011 kwamba raia waliokufa katika siku hizo za mwisho huenda wakafika 40,000. Prabhakaran aliuawa huko huko.

Ukali haukuzikwa pamoja naye. Magenge ya Wasinhala yaliwashambulia Waislamu wa Aluthgama katika mwaka 2014 na wa Digana katika mwaka 2018. Na siku ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, 2019, Waislamu waliojifunga mabomu waliwaua watu zaidi ya 260 katika makanisa matatu na hoteli, nao Watamili Wakristo walikuwa miongoni mwa wafu. Kiongozi wao, Zahran Hashim, alikuwa mtu wa Kattankudy, na mahubiri yake aliyatoa kwa Kitamili. Waislamu wa mji wake walikuwa wamemlalamikia kwa wakuu kabla ya hapo.

Baada ya mwaka 2009 njia ya kaskazini ilifunguka, na baadhi ya Waislamu waliofukuzwa walirudi Jaffna. Walikuta nyumba nyingi hazina mapaa na miti imeota vyumbani. Wengine walitengeneza, wengine waliuza viwanja wakarudi Puttalam, kwa watoto wao waliozaliwa huko.