Piano Zinazojipiga na Haki ya Mtunzi

Huko Brentford, magharibi mwa London, yapo makumbusho madogo ambayo piano zake hulia bila kuguswa na kidole cha mtu. Frank Holland aliyaanzisha mwaka 1963 ndani ya kanisa la zamani. Mwaka 2007 yakafunguliwa katika jengo jipya.

Ukitaka kuijua siri ya piano hizo, itazame karatasi. Ni ndefu, imeviringishwa, nayo imetobolewa matundu mengi. Mtu akikanyaga pedali, mivukuto hufyonza hewa, na karatasi hupita juu ya upau wa shaba wenye vitundu. Tundu la karatasi likikutana na kitundu cha upau, hewa hupenya, valvu hufunguka na nyundo hugonga waya. Mfumo wa Welte-Mignon, ulioanza Ujerumani mwaka 1904, ulihifadhi hata uzito wa vidole vya mpigaji. Ndiyo maana upigaji wa Gustav Mahler, aliyefariki mwaka 1911, ungali ukisikika hadi leo.

Lakini karatasi hizo zilizua swali zito la kisheria. Je, anayetoboa wimbo wa mwenziwe na kuuuza anapaswa kumlipa mtunzi? Kampuni ya Boosey, wachapishaji wa muziki wa London, ilikwenda mahakamani. Mwaka 1900 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba karatasi yenye matundu si nakala ya noti zilizochapwa, bali ni sehemu ya mashine. Mtunzi akatoka mikono mitupu, ilhali wimbo wake ulikuwa ukiuzwa madukani.

Majaji waliifasiri sheria iliyotungwa kabla ya mashine hizo kuenea. Dawa ilipatikana bungeni: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1911 ilizitaja waziwazi karatasi zenye matundu na kumpa mtunzi haki juu yake. Sheria hiyo ilitumika pia Tanganyika wakati wa utawala wa Waingereza.

Zingatia basi, msomaji wangu: mashine hutangulia, sheria hufuata, na katikati yake kuna mtu anayesubiri ujira wake. Leo wimbo husafiri kwa simu, wala si kwa karatasi. Unapomtumia rafiki yako wimbo usioununua, jiulize: aliyeutunga amepata nini? Andika aya moja ya jibu lako kwa Kiswahili sanifu, ukitumia maneno haya matatu: hakimiliki, mtunzi na ujira.