Jambo Lisiloneneka

Wanafalsafa na wanazuoni wa dini wana neno la mambo yanayoushinda ulimi. Waingereza husema ineffable, nao walilitoa katika Kilatini, ineffabilis, yaani kisichoweza kunenwa. Mwaka 1902 William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha The Varieties of Religious Experience, kitabu kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Edinburgh. Humo aliitaja sifa hii kuwa ya kwanza kati ya alama nne za hali ya siri za kiroho: aliyeipata hawezi kumpa mwenziwe kwa maneno, sharti kila mtu aonje mwenyewe. Anayekifasiri kitabu hicho kwa Kiswahili hana budi kuamua neno, na hapo ndipo wafasiri wetu wanapoyumba. Mmoja huandika "isiyosemeka", wa pili "isiyoelezeka", wa tatu "isiyo na kifani", kana kwamba yote ni mamoja. Si mamoja.

Ninapokaa mimi, Mishomoroni, upande wa Kisauni, Mombasa, mtu akirudi Hija majirani humiminika kumpokea, na swali halikosi: ulipoiona Kaaba mara ya kwanza, moyo ulikuwaje? Nimemsikia mama mmoja akijibu, "Mwanangu, haineneki," kisha akaendelea kugawa tende na maji ya Zamzam. Hakuna aliyedhani anaficha jambo. Lakini mama huyo huyo akiulizwa kisa cha wakwe waliogombana, atasema, "Hayo hayasemeki, mwanangu," na kila aliyepo atajua kwamba ya kusemwa yapo, tena tele, ila aibu imeyafunika. Na mmoja wa wagomvi hao akiwa mkali hata haambiliki, basi yeye "hasemezeki". Sidai kwamba kila mkazi wa mtaa huu hushika mipaka hiyo kila saa. Nasema mipaka ipo, na aijuaye huisikia.

Sarufi yake si ngumu. Hii ni kauli ya kutendeka: nena huzaa neneka, sema huzaa semeka, eleza huzaa elezeka, tamka huzaa tamkika. Kauli hii haimtaji mtenda. Njia isiyopitika haipitiki kwa sababu ya njia yenyewe, si kwa uvivu wa mpitaji, na chakula kisicholika vivyo hivyo. Kwa hiyo "haineneki" haimlaumu msemaji kwa kukosa ufasaha. Hata malenga angesimama hapo angekwama. Istilahi inadai maana hiyo hasa.

Semeka imeshika njia nyingine. Ukiitia "na" mwishoni unapata "inasemekana", neno la watangazaji wanapotoa habari wasiyo na hakika nayo. Limefungamana na vinywa vya watu: kinachozungumzwa, kinachonong'onwa, kinachokatazwa. Tamkika ni kazi ya ulimi na meno. Elezeka ni ya akili, na hesabu isiyoelezeka leo huenda ikaelezeka kesho kwa mwalimu mwingine. Ama "isiyo na kifani", hiyo hukataa mshabaha tu. Bibi harusi asiye na kifani anaweza kusifiwa usiku kucha.

Kuna kosa jingine ninalotaka tuliepuke, nalo ni kuliita "lisiloneneka" kila jambo ambalo lugha fulani haina jina lake. Mwaka 2014 Stephen Levinson na Asifa Majid waliandika juu ya hisi zetu na jinsi zinavyotofautiana katika kupata maneno, na mwaka huo huo Majid akaeleza pamoja na Niclas Burenhult kwamba Wajahai wa Malaysia hutaja harufu kwa wepesi ule ule wanaotajia rangi, ilhali Waingereza hupapasapapasa. Nasi hatupapasi sana. Mtu wa pwani ana shombo na vumba za samaki, ana kutuzi la jasho, ana uvundo wa kilichooza. Mgeni asiye na maneno hayo akidai harufu ya sokoni haineneki, atakuwa amepima upungufu wa kamusi yake. Jambo lisilo na jina linangoja jina. Lisiloneneka hupewa majina kumi, na yote yakabaki nje ya mlango.

Kwa nini basi "nena" limekosa nafasi katika istilahi? Mkutano wa 1928, uliofanyika hapa hapa Mombasa, uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo "sema" limetawala vitabu vya shule. Kwa msomi wa bara, "nena" lina harufu ya ushairi. Kwa Mmvita, mtu wa Mombasa, ni neno la kila siku. Hata hivyo halikupotea. Biblia ya Union Version ya 1952 ina furaha "isiyoneneka" katika waraka wa kwanza wa Petro, na katika waraka wa pili kwa Wakorintho ina maneno "yasiyotamkika". Na upande wa Waislamu, Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alieleza katika al-Munqidh min al-Dhalal kwamba ziko daraja za kiroho ambazo usemi huzibania, na anayejaribu kuzieleza hawezi kuepuka kosa la wazi. Muumini wa msikitini na wa kanisani, wote wawili watalipokea neno hili bila kufundishwa.

Wapo wanaohofu kwamba mwanafunzi atalichanganya na unene. Unene una kunenepa, hauna kuneneka.

Ombi langu kwa wafasiri, walimu na watunga kamusi ni hili. Andikeni hali isiyoneneka, siri zisizoneneka, upendo usioneneka, na sifa yenyewe muiite kutoneneka. "Lisilosemeka" liacheni kwa mambo ya aibu na miiko, na "lisiloelezeka" kwa yale ambayo bado hatujayaelewa.